Kipimo cha Jiweni

Kijijini kwetu, juu huko Kilolo, kila nyumba ina saa yake ya jiwe. Ya nyumba yetu ni Jumapili saa nane mchana.

Watu wa mjini nikiwaambia hivyo hunitazama tu, kwa hiyo nieleze. Kijiji kiko bondeni, katikati ya vilima vya misindano, na simu huko bondeni haina kazi zaidi ya kumulikia njia ya chooni. Lakini ukipanda kilima cha mashariki, mwendo wa karibu saa nzima kwa mwenye miguu yake, utakuta jiwe bapa linalotosha watu wawili kusimama. Ukisimama hapo ukaelekea upande wa Ilula, ambako barabara kuu inapita na minara iko, mtandao unaingia. Vijistari viwili. Ukishuka hatua tatu, vinapotea.

Jiwe ni moja na watu ni wengi, ndiyo maana saa ziligawanywa. Ndugu walioko mbali wanaijua saa ya nyumba yao na hupiga saa hiyo. Anayesubiri zamu hukaa chini kidogo ya jiwe, amelipa jiwe mgongo, asimwone mwenzake anavyolia au anavyocheka. Akisikia neno kwa bahati mbaya, hashuki nalo. Na mtu akipokea habari ya msiba pale juu, wote wanaosubiri huacha zamu zao wakamsindikiza mpaka nyumbani kwake. Hakuna aliyeyaandika hayo mahali popote, na tangu nipate akili sijasikia mtu aliyeyavunja. Isipokuwa mimi, ambaye nimesoma.

Baba alifariki nikiwa sekondari, na mama hana mtoto mwingine. Nilipopata kazi Mbeya nilimnunulia simu ya vitufe, ile yenye tochi, na kwa miaka mingi maisha yetu sisi wawili yalikuwa hiyo Jumapili saa nane. Mimi nilipiga, yeye alipokea akihema. Dakika ya kwanza ilikuwa ya pumzi zake tu. Nilisubiri, nikimwona kabisa akijifuta jasho kwa ncha ya kitenge chake cha kanisani. Kisha angesema, "Kamwene, mwanangu," nami, "Shikamoo, mama," naye, "Marahaba. Huko mvua imenyesha?"

Huko ni Iyunga. Nimepanga chumba na sebule karibu na barabara kuu, malori ya Tunduma yanapita mchana kutwa hadi vikombe vinacheza kabatini. Mtandao umejaa mpaka pomoni. Unashika sebuleni, unashika bafuni, unashika hata ukijifunika blanketi gubigubi. Wanaonipigia ni watu wa ofisini, na wanaoniandikia ni matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii.

Kazi yangu ilikuwa kupima mtandao. Serikali ilikuwa imetenga fungu la kupeleka mawasiliano kwenye vijiji visivyo na faida kwa wafanyabiashara, na kampuni niliyofanyia kazi ilikuwa imepewa baadhi ya vijiji hivyo. Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mnara ukishawashwa, mpimaji anakwenda na simu maalumu na kompyuta, anapima nguvu ya mawimbi katikati ya kijiji, anajaza fomu, anasaini. Mkuu wa timu naye anasaini. Ofisa wa serikali anatakiwa kwenda kuona kwa macho yake. Wetu alisainia ofisini kwake, chai ikiwa mezani. Fomu ikikamilika, fedha ya mnara ule inatoka.

Sikuwa mgeni wa mambo. Nilikuwa nimeshaona mnara mmoja, kwenye mashamba ya mpunga njia ya kwenda Ubaruku, ambao ulizimika kila jioni kwa sababu dizeli ya jenereta yake ilikuwa inakoboa mpunga wa watu. Nilicheka na wenzangu tukaandika kwamba jenereta ni bovu. Mambo kama hayo unayaona kama ya watu wengine. Unacheka, unakunja fomu, unarudi nyumbani.

Kisha mnara ukaja kwetu.

Mama alinipa habari akiwa jiweni, na siku hiyo hakusubiri hata pumzi zirudi. Mnara unajengwa nyuma ya zahanati, akasema, na kijiji kizima kinabeba mchanga na kokoto kwa nguvu za wananchi. Naye alibeba. Mwanamke wa umri ule, ndoo za mchanga kutoka mtoni, na kila aliyepishana naye njiani aliambiwa kwamba mwanawe ndiye anayefanya kazi ya minara. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Nipumzike wakati mnara ni wako?"

Chuma kikasimama, kirefu kuliko misindano yote. Wakajenga uzio na kibanda cha mitambo, wakatia kufuli. Juu kabisa wakafunga taa nyekundu yenye kijisola chake. Ndani ya kibanda hamkuwa na kitu. Mitambo ilikuwa njiani, tuliambiwa, na njia hiyo haikuwa na mwisho.

Mwaka wa fedha ulikuwa unafunga, na mkuu wangu alitaka fomu. Tukaenda sisi wawili, mchana wa siku ya kazi. Tulisimama chini ya mnara ule, tukawasha simu ya kupimia, ikasema hakuna huduma. Mkuu akauzunguka uzio mara mbili kama mtu aliyedondosha funguo. Alikuwa amevaa kizibao cha kazi, kile cha rangi ya kung'aa. Akanigeukia.

"We si mwenyeji hapa? Hivi hawa watu wakitaka kupiga simu wanafanyaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema wanateremka Ilula. Nilisema, "Kuna jiwe."

Na linaloniuma mpaka leo ni namna nilivyosema. Nililisema kwa furaha, kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole kabla ya wenzake. Asingelijua jiwe lile kwa mwaka mzima wa kutafuta. Mimi nilimpandisha kwa njia ya mkato.

Juu tulimkuta mzee mmoja wa kitongoji cha chini, yuko kwenye saa yake, simu sikioni, kidole amezibia sikio la pili. Mkuu akamwambia ashuke kidogo, kuna kazi ya serikali. Mzee akakata simu akashuka. Akatushukuru hata, Mungu amsamehe, kwa sababu alimwona mtoto wa kwao na mashine. Tukapima. Mistari ilitosha. Kwenye nafasi ya mahali, mkuu akaandika pale mnara uliposimama. Kwenye nafasi ya namba ya mnara uliotuma mawimbi, tulijua sote wawili kwamba ni mnara wa barabarani, mbali huko chini, akapaacha wazi. "Mwezi ujao mitambo inakuja," akasema. "Hii karatasi tu, mwanangu." Nikasaini pale penye neno mpimaji.

Sikupewa bahasha, na kwa muda mrefu nilijivunia hilo. Baada ya wiki chache nilipewa ajira ya kudumu, baada ya miaka sita ya mikataba ya miezi mitatu mitatu. Nilipomweleza mama Jumapili ile, alipiga kigelegele jiweni hadi waliokuwa wakisubiri zamu wakageuka.

Mitambo haikuja. Kwenye ramani ya ofisini kijiji chetu kilipakwa kijani, maana yake kina huduma. Kampuni nyingine ilitaka kuleta mnara, ikaambiwa pale pana mnara tayari. Mwenyekiti wa kijiji aliandika barua, akaandika tena. Barua zilifika mezani kwa mkuu, naye akanisogezea. "Wajibu wewe, unawajua." Nikawajibu. Niliandika kwamba kwa mujibu wa vipimo kijiji kina mawasiliano ya kuridhisha, na kwamba wananchi washauriwe kukagua simu zao. Hilo la kukagua simu nililitunga mwenyewe. Mkuu alilipenda, likaanza kutumika kwa vijiji vingine.

Kwa mama nilitunga mengine. "Watu wanauliza mnara," angesema. "Nimewaambia mwanangu anashughulikia." Nami ningemwambia kuna vifaa vimekwama bandarini, kuna fundi anayesubiriwa, kuna kibali. Nikiishiwa, nilimuuliza kama mvua imenyesha. Angenyamaza kidogo, kisha angenieleza mvua. Miaka mitatu tulizungumza mvua, na sikujiuliza kwa nini ananyamaza kwanza.

Jumapili moja alisema, "Magoti yamekataa, mwanangu. Usinipigie tena hapa. Mpaka mnara uwake."

Nikasema sawa, nitaharakisha. Nitaharakisha nini?

Jumapili iliyofuata nilipiga hivyo hivyo, saa nane kamili. Akajibu yule mama wa kwenye mitambo, yule asiyechoka, kwamba namba niliyopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga Jumapili nyingine. Nilianza kumchukia yule mama kwa utulivu wake. Jumapili zangu hapo Iyunga zikawa ndefu ajabu. Nilifua mashati ambayo hayakuwa machafu. Nilipika wali wa watu wanne, nikala wa mmoja, uliobaki nikaupasha Jumatatu na Jumanne. Nilijikuta naongea na redio. Kanisani nilikaa nyuma, nikatoka kabla ya matangazo ili nisisalimiane na mtu. Nilikuwa mpweke, na sikuwa na haki ya kulalamika, maana ukuta uliokuwa kati yangu na mama niliujenga kwa sahihi yangu.

Ndipo nikafanya jambo la kijinga kuliko yote. Nilimwandikia ukweli kwa meseji, kwa sababu nilijua haitafika. Mimi ni fundi. Najua kwamba meseji isiyofika husubiri siku chache kwenye mitambo, kisha inafutwa yenyewe, hakuna anayeulizwa. Niliandika: "Mama, mnara hautawaka. Kipimo tulikichukua jiweni. Nilisaini mimi. Nisamehe." Nikatuma. Mchana ule nilijisikia mwepesi, nikaenda hata kununua maandazi. Nilikuwa nimetubu bila kusikiwa na mtu.

Siku ya tatu kondakta wa basi linalotoka Iringa alinipigia, nikafuate mzigo stendi. Kilikuwa kikapu cha maparachichi na maharage, na ndani ya maharage kipande cha kitenge kimefungwa fundo. Nilikifungua kitandani. Ilikuwa simu ya mama, na kijikaratasi chenye mwandiko wa mwinjilisti wa usharika wetu, ambaye humwandikia mama barua zake.

"Simu narudisha. Huku bondeni haina kazi. Ukiwa na la kusema, njia unaijua. Mama yako."

Nikaiwasha. Sijui nilitegemea nini. Ikatafuta mtandao, ikaupata wote, kisha ikaanza kulia mkononi mwangu. Ya kwanza ilikuwa tangazo la kampuni yetu, kumkaribisha mteja afurahie vifurushi vipya popote alipo. Ya pili ilikuwa yangu. Mama, mnara hautawaka. Niliisoma kwa macho yangu, kwenye kioo chake kilichopasuka pembeni, na kwa mara ya kwanza nikaisikia kama yeye angeisikia. Nililia. Mtu mzima, maharage yametapakaa kitandani, nalia na simu mbili mapajani.

Kesho yake niliomba ruhusa ofisini nikapanda basi. Pale Ilula nilishuka katikati ya wauza nyanya, wakanizunguka na ndoo zao wakidhani naendelea na safari, na nikachukua bodaboda kupanda milimani. Mama nilimkuta nje ya jiko, anapukuchua mahindi. Hakushtuka kuniona. Alinisogezea kigoda, akaendelea kupukuchua.

Nilimweleza yote. Nilianza na ofisi, nikazunguka kwenye mwaka wa fedha, kwenye ajira yangu, na hatimaye nikafika jiweni. Aliacha nimalize.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Siku ile nilikuwa nakata majani ya nguruwe pale chini ya kilima. Nikakuona. Wewe na yule bwana mwenye kizibao. Nikasema mwanangu kaja, hajapita nyumbani, basi ana haraka. Nikaona mnamshusha mzee wa watu kwenye saa yake, mnaweka mashine pale." Akatupa gunzi pembeni. "Mi sijasoma, lakini mnara uko zahanati. Unapimaje mnara kutoka jiweni?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? La kusema lilikuwa kwako, halikuwa kwangu. Kila Jumapili napanda, nasema moyoni leo atasema. Nafika juu, roho inataka kutoka. Nawe unaniuliza mvua."

Nikauliza swali la kipumbavu, kwa sababu lilikuwa karibu. "Na magoti?"

Mama akainuka. Palikuwa na ndoo ya maji imejaa mlangoni. Akachuchumaa, akaipandisha kichwani bila kushika mahali, akaipeleka jikoni, akarudi.

"Magoti yangu mazima," akasema. "Nilichoka kukusikiliza. Nilirudisha simu nione kama miguu yako nayo ni mizima."

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Hakuniambia niende. Alinipigia pasi shati kwa pasi ya mkaa na kuliweka kwenye kiti. Nilisimama mbele ya watu walionibeba mgongoni nikiwa mdogo, nikasema nilichofanya. Nilitegemea kelele, na kelele ingenisaidia. Mtu mmoja akakohoa tu. Kisha akasimama yule mzee tuliyemshusha.

"Kwa hiyo siku ile mlinishusha kwa ajili ya hiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Binti yangu alikuwa amejifungua. Alikuwa ananitajia jina alilompa mtoto, mtandao ukawa unakatakata, namwambia rudia. Ndio mkanishusha. Mjukuu wangu nilikuja kumjua jina baada ya wiki, saa yetu ilipofika tena." Akafikiri kidogo. "Ni jina langu walimpa." Akakaa.

Mwenyekiti alinipa karatasi nikaandika yote, nikasaini, akagonga muhuri. Nakala moja ilikwenda wilayani, nyingine kwa wanaosimamia mawasiliano, na ya tatu niliipeleka kwa mkono wangu ofisini kwetu Mbeya. Tangu siku hiyo nimesimamishwa kupisha uchunguzi. Nimeupisha kabisa, nimekaa pembeni, na sijauona ukipita. Mkuu wangu amehamishiwa makao makuu, na waliompigia simu wanasema hajambo. Kijiji, nasikia, bado ni kijani. Taa nyekundu bado inawaka juu ya chuma.

Siku ya kuondoka nilimwachia mama simu yake mezani. Alinifuata mpaka kwenye bodaboda akaitia mfukoni mwangu. "Peleka," akasema. Njia nzima hadi Mbeya nilikuwa najiuliza kama nimesamehewa, na sikupata dalili yoyote. Hapa Iyunga niliiweka juu ya kabati, naichaji kila ikiisha, upumbavu tu, maana anayeweza kuipigia ni mimi na mwenyewe hayuko nayo.

Jumapili nne zilipita hivyo. Saa nane ilipofika nilikaa kitandani, sikupiga. Nimpigie nani?

Jumapili ya tano simu yangu iliita. Namba ngeni. Nikajua ni matapeli, nikapokea ili niwatukane. Hakuna aliyesema kitu. Ilikuwa pumzi tu, ya kupanda, ndefu, inayokwama na kuanza tena. Nikainuka nikasimama katikati ya chumba na kusubiri.

"Kamwene, mwanangu," akasema. "Nimeazima simu ya jirani. Saa yetu hawajampa mtu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huko mvua imenyesha?"

Nikamwambia imenyesha tangu Alhamisi, na kwamba upepo umeezua bati la jirani, na kwamba sijapata kazi, na kwamba wali wangu bado naupika mwingi. Alicheka. Sauti yake ikakatika, akajigeuza pale jiweni mpaka ikarudi, nikaendelea kumweleza.